Zamu ya Maji ya Mama

Nina saluni Same mjini, karibu na stendi, na kwa kazi yangu kucha ni tangazo la biashara. Mteja akiingia, kabla hajauliza bei ya kusuka, anatazama mikono yangu. Ndiyo maana kwa miaka mingi nimekuwa na kucha ndefu, zenye rangi na vimaua, na kwa miaka hiyo hiyo mama alikuwa akizitazama na kuniuliza kama huwa nachimbia nazo viazi. "Zingekuwa na faida basi," alikuwa akisema, kisha anageukia sufuria yake.

Mama aliishi peke yake mlimani, juu ya Gonja, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu baba. Mimi ndiye mtoto niliyebaki karibu. Kaka zangu wako mbali, mmoja Mbeya na mwingine Mwanza, na kazi yao kubwa ni kutuma salamu. Tangu baba afariki nilikuwa na wimbo mmoja tu kwa mama: shuka tukae wote Same. Naye alikuwa na jibu moja tu: Same kuna joto. Nikisema nitanunua feni, anasema feni inakausha koo. Nikisema kanisa liko karibu, anasema la kwake liko karibu zaidi. Ubishi wake ulikuwa wa Kipare hasa, ule ambao watani wetu wanatuchekea, wa mtu aliye tayari kusimama mbele ya baraza la wazee kutwa nzima kudai mgomba mmoja wa mpakani.

Basi mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, aliteleza kwenye shamba lake la tangawizi akavunjika mkono wa kulia. Majirani walimteremsha kwa pikipiki hadi hospitali ya Gonja, akafungwa plasta ngumu ile ambayo watu huiita hogo, kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko. Nilifunga saluni nikaenda. Nilimkuta amekaa kitandani anamwelekeza mgonjwa mwenzake namna ya kukunja shuka, nikajua mkono ndio uliovunjika lakini mdomo uko salama.

Nilikaa naye pale hospitalini mpaka alipopewa ruhusa. Siku ya kutoka, nesi aliniita pembeni akaniambia mama asishike kazi yoyote mpaka hogo litolewe. Nilitaka kucheka. Kumrudisha nyumbani kwake ilikuwa sawa na kumkabidhi jembe. Angebeba kuni kwa mkono wa kushoto, na ule wa kushoto ukichoka angetumia meno. Kumpeleka Same moja kwa moja asingekubali, angeshuka njiani. Ndipo nikakumbuka loji.

Ilikuwa imejengwa miaka michache nyuma pembezoni mwa msitu, juu kabisa ya kijiji chetu. Vyumba vichache vya mbao, taa za sola, maji ya moto yanayoletwa kwa ndoo, na kibaraza kinachotazama miti na ukungu. Walikuwa wanafikia pale wazungu wanaofuata ndege, na watu wa maofisini wanaotaka kupumzika mahali ambapo simu haishiki. Kilichonivutia mimi ni hilo la simu. Nilitaka mama awe mahali ambapo hakuna jembe, hakuna jirani, na habari za kijiji hazimfikii. Siku chache za kitanda laini na kupikiwa zingemlainisha, halafu angeshuka nami Same bila vita. Huo ndio ulikuwa mpango wangu, na niliuona wa akili sana.

Pikapu ya loji ilitufuata hospitalini. Mama alikaa mbele, hogo lake juu ya mto, na njia nzima alikuwa anamsahihisha dereva: hapa punguza, pale kuna shimo, kona hiyo wanatokea watoto wa shule. Mimi nilikaa nyuma na magunia ya viazi na kreti za soda. Kadiri tulivyopanda, joto la Gonja lilibaki chini, ikaja baridi yenye harufu ya majani yaliyolowa. Mikangaga ilianza kuonekana kandokando ya barabara, mirefu kama miti, na shina za miti mikubwa zilikuwa zimeota ndevu za kijani. Nikajikuta nimekuwa mtoto tena. Nina mzigo wa kuni kichwani, mama yuko mbele yangu na mzigo mkubwa mara tatu ya wangu, hageuki nyuma lakini anajua kwamba nimesimama. "Tembea," anasema, "mbega hawali watu." Nami sikuwa naogopa mbega, nilikuwa nimechoka tu, lakini nilipenda aniambie hivyo.

Aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa huko huko mlimani, msimamizi wa loji na mpishi wake pia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu sana. Wewe sasa ni mgeni wetu, usishike kitu."

Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue viatu kanisani. "Mgeni? Mimi? Nyumba yangu ile kule chini, kusingekuwa na ukungu ungeiona."

"Hata hivyo," yule mwanamke akasema, akachukua begi lake.

Sikuwahi kumwona mama akiwa mgeni, na nikagundua kwamba hata yeye hakujua inafanywaje. Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta ametandika kitanda chake kwa mkono mmoja na anavizia changu. Alifagia kibaraza kilichokuwa kimeshafagiliwa. Aliporudi mfagiaji, mama alimwomba radhi, kisha akamwonyesha pembe aliyoiruka. Tulipokaa mezani, mpishi alikuja amefuta mikono kwenye aproni, akauliza kwa upole mama angependa kula nini.

Mama aligeuza kikombe chake mezani.

"Kuna mayai, kuna chapati, kuna viazi, kuna uji wa ulezi," mpishi akaendelea. "Na mchana nikupikie nini?"

Mama alinitazama mimi, kisha akatazama meza. Nilidhani amechukia. Halafu nikaona kwamba hajui. Maisha yake yote alikuwa amepika kinachotosha, kwanza kwa wakwe, kisha kwa sisi, kisha kwa wageni wa msiba na wa harusi na wa kwaya, naye akila kilichobaki pembeni ya jiko. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lile. Nami ni mmoja wa wasiowahi kumuuliza. Niliinamia kikombe changu, nikajifanya napuliza chai.

"Kilichopo," alisema hatimaye. "Nitakula kilichopo."

Mchana mpishi alileta makande. Mama aliyaonja, akafikiri, akasema ni mazuri ila maharage yamewahishwa kutolewa. Kabla sijamzuia alishaingia jikoni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, hogo limetulia mapajani, anatoa amri kwa mkono wa kushoto huku mpishi anacheka mpaka machozi. Nikawaacha. Nilijiambia kwamba ndivyo mtu anavyoanza kulainika.

Jioni hiyo tulikaa kibarazani tumejifunika mablanketi ya loji. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unaingia katikati ya miti kama moshi wa jiko lisilo na bomba. Mbega walinguruma mahali fulani juu yetu, wengine wakawajibu ng'ambo ya bonde. Hondohondo wawili walipita kwa kelele za mbawa zao. Mama alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona, nami moyoni nilikuwa naandaa maneno ya Same. Alinishika mkono, akautazama.

"Kucha hizi," akasema.

"Mama, tumeanza."

"Unakumbuka nilivyokuwa nawakagua Jumatatu?"

Ningesahauje? Kabla ya shule alikuwa anatupanga mlangoni, mikono mbele. Mwalimu alikuwa na fimbo, lakini mama alikuwa na jicho, na jicho lilikuwa kali zaidi. Akiona weusi chini ya ukucha anakurudisha kwenye beseni bila kusema neno, hata kama kengele imeshalia. Kaka zangu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nakwangua kwa kijiti tangu Jumapili jioni, nikijua kwamba nikipita atanishika kidevu. Kushikwa kidevu na mama kulinitosha wiki nzima.

"Nakumbuka," nikamwambia.

Na hapo hapo pembe ikalia.

Ilikuwa pembe ya mnyama, ile yenye sauti nzito inayopanda polepole, na ililia karibu mno kiasi kwamba nilishtuka nikamwaga chai. Nilisimama nikachungulia. Chini kidogo ya kibaraza chetu, kwenye jiwe kubwa lililochomoza kati ya miti, mtu amesimama anaipuliza akielekea bondeni. Ndipo nilipojua nilichokifanya. Utotoni nilikuwa nafika mahali pale kutokea chini, kwa kufuata mfereji, kwa hiyo sikuwa nimetambua tuko juu ya nini. Wenye loji walichagua pale kwa ajili ya chemchemi, na chemchemi hiyo hiyo ndiyo inayojaza ndiva yetu. Nilikuwa nimemficha mama mbali na mambo ya kijiji kwa kumleta mahali ambapo pembe ya kijiji inasikika kuliko hata chumbani kwake.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Linakusanya maji ya chemchemi usiku kucha, na alfajiri mwenye zamu anazibua, maji yanateremka kwa mfereji hadi shambani kwake. Kila nyumba ina zamu yake, na zamu hainunuliwi. Inashikwa kwa kazi. Pembe ikilia jioni, kesho yake kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kuzoa tope na kukarabati kingo, na kazi hiyo ya pamoja ndiyo tunayoiita msaragambo. Nyumba ikikosa mara moja inavumiliwa. Ikikosa tena, zamu yake anapewa mwingine.

Mama alikuwa ameshakaa wima. "Mara iliyopita walipotengeneza mfereji nilikuwa hospitali," alisema. "Kesho nisipotoka, maji yamekwenda."

"Nitamtafuta kibarua akuchimbie."

"Kibarua si mtu wa nyumba."

"Basi wataelewa. Una hogo, mama!"

"Wataelewa, ndiyo. Watanionea huruma, na zamu wataipitisha kwa mwingine huku wananionea huruma."

Maneno ya Same niliyokuwa nimeyaandaa kwa adabu yakanitoka ovyo. "Kwa hiyo na ipite! Tangawizi yenyewe ndiyo iliyokuvunja mkono. Utakuja kukaa na mimi, maji ya bomba yapo, zamu ya nini tena?"

Alilivuta blanketi kwa mkono wake mzima, akalikunja vizuri magotini kama alivyomfundisha yule mgonjwa.

"Nilipoolewa," akasema, "bibi yako alinipeleka pale chini alfajiri, akawaambia watu: huyu ni wa kwangu. Basi. Tangu siku hiyo zamu yetu ikifika naamka nikijua kuna mahali ninangojwa. Baba yako alikufa, nyinyi mkaondoka, nami bado kuna mahali ninangojwa. Huko Same nitangojwa na nani? Na hao unaowasuka?"

Niliumia, tena nilikasirika kwamba nimeumia, nikaingia ndani kulala bila kumtakia usiku mwema.

Nilipoamka kulikuwa kunapambazuka na kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nilidhani yuko jikoni. Mpishi naye alikuwa anatoka kunitafuta, ameshika kichwa. "Mama amechukua jembe la bustani," alisema. "Nimegeuka kupuliza moto tu, sikumwona tena."

Nilitoka nilivyo, na kitenge cha kulalia na kandambili za loji. Njia ilikuwa inateremka ndani ya msitu, imejaa mizizi na majani yaliyooza, na mimi nilikuwa nakimbia huku namwomba Mungu na kumsema mama kwa wakati mmoja. Akianguka tena je? Akiuvunja na mkono wa pili? Nilipita lile jiwe la mpiga pembe. Chini yake miti ilifunguka, na ndiva ikawa mbele yangu.

Maji yalikuwa yameachiwa yote, imebaki sakafu ya tope jeusi. Watu walikuwa wameshajaa, wanaume kwa wanawake, na majembe, makoleo na makarai. Mama alikuwa amesimama ukingoni, jembe la loji begani, anabishana na mzee wa maji, yaani mwanamume mtu mzima anayesimamia zamu.

"Mama, huwezi kuingia humo na mkono huo," mzee alikuwa anasema.

"Mkono mmoja ni mzima."

"Sikatai. Lakini ukianguka tutakuwa tumefanya kosa sisi. Kaa pale kwenye jiwe, utuangalie."

"Nikikaa kwenye jiwe utaandika nini, nyumba yangu imetoka au haijatoka?"

Mzee wa maji aliangalia chini, na wote tukajua jibu. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kubeba jeneza la baba. Lakini nyumba zilizokuwa zikingoja zamu zilikuwepo pale pale zinasikiliza, na kanuni hiyo ndiyo iliyolinda maji ya kila mmoja wao.

Mama hakugeuka kunitazama. Alijua nimefika, maana kandambili zangu zilikuwa zinapiga kelele, kama alivyokuwa akijua nimesimama njiani na mzigo wangu wa kuni. Lakini hakuniita na hakuniomba. Kama angeniomba, labda ningebisha. Niliona bega lake likishuka chini ya lile jembe, kidogo tu, na sikuweza kulitazama. Nikavua kandambili, nikakunja kitenge, nikamwondolea jembe begani.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Nyumba imetoka."

Niliingia kwenye tope likanifika magotini, baridi yake ikanipanda hadi kwenye meno. Watu wakaangua kicheko. "Mgeni wa loji huyo!" mama mmoja akapiga kelele. "Usije ukadai chai ya saa nne!" Mwingine akasema hakukuwa na haja ya jembe, kucha zile zinatosha kuwa koleo. Niliwajibu kwamba anayetaka kusukwa bure aendelee kunicheka, wakacheka zaidi, na mtu akanipa nafasi kwenye mstari.

Sikuwa na mazoea. Jembe langu lilikuwa linapiga maji na kunirushia usoni, na karai la kwanza nilipokea vibaya nikalimwaga lote juu ya mwenye kunipa. Ukucha wa kwanza ulivunjika kabla jua halijafika juu ya miti. Baada ya hapo niliacha kuhesabu. Mgongo uliniuma mahali ambapo sikujua kuna mgongo. Lakini mchana, tulipokaa ukingoni tukala makande kutoka sufuria kubwa, mikono michafu, kila mtu na kijiko chake, nilikumbuka kwamba nilishawahi kukaa pale. Nilikuwa mdogo, nimemletea mama jembe alilosahau, naye akanipa vijiko viwili vya makande yake kisha akanifukuza niende shule. Ladha ilikuwa ile ile. Tazama, nikajiambia, nimeishi miaka yote hii nikidhani nimeisahau.

Mama alikaa kwenye jiwe lake siku nzima. Alikuwa anaelekeza, bila shaka. Alituambia wapi ukingo umelegea na nani anazoa kidogo kidogo kama anayeogopa karai. Jioni tope lilikuwa limeisha, kizibo kikarudishwa, na uzi mwembamba wa maji kutoka chemchemi ukaanza kutandaa kwenye sakafu safi. Mzee wa maji alitangaza zamu. Ya kesho alfajiri ilikuwa ya nyumba yetu.

Mama aliinuka. "Ngojeni kidogo," alisema, na watu waliokuwa wanaokota majembe wakasimama. Alinishika kiwiko kwa mkono wake wa kushoto, akanisogeza mbele, nikiwa na tope mpaka kwenye nywele. "Huyu ni wa kwangu," akasema. Hakuongeza kitu. Nilikuwa mtu mzima mwenye saluni, nikalia mbele ya kijiji kizima kama aliyechapwa.

Tulipanda hadi loji polepole. Mpishi alikuwa amechemsha maji, akaleta beseni kibarazani na sabuni. Nilitaka kutumbukiza mikono, mama akaizuia. Aliishika mmoja mmoja, akaigeuza kwenye mwanga wa taa ya sola, akakagua kila ukucha. Nusu zilikuwa zimevunjika. Maua yote yalikuwa yamekwenda, na chini ya zilizobaki kulikuwa na weusi ambao Jumatatu za zamani ungenirudisha kwenye beseni hata mara tatu. Alikagua taratibu mpaka akamaliza. Halafu akanishika kidevu.

Alfajiri tulishuka wawili kuzibua. Mimi nilivuta kizibo, yeye alitia mkono wake wa kushoto juu ya wangu, na maji yakatoka kwa kishindo yakaukimbilia mfereji. Tuliyafuata hadi shambani, tukayaona yakiingia kwenye matuta ya tangawizi. Mama alisimama anayatazama mpaka tuta la mwisho lilipolowa.

"Sasa naweza kushuka," akasema.

Nilidhani ana maana ya kushuka kutoka loji. Alikuwa na maana ya Same. Vita yangu ya miaka yote ikaisha kwa sentensi hiyo, na nikajua pia bei yake. Yeye angeshuka kwa sababu mimi ndiye nitakayekuwa napanda.

Alikaa na mimi miaka ambayo sitaisahau. Joto alililalamikia kila siku, na feni aliizima kila nilipoiwasha. Alikuwa anakaa uani kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharage, na wateja wangu walikuwa wanapita kumwamkia kabla ya kukaa mbele ya kioo. Shamba alilishika mke wa jirani yetu. Zamu ikifika ni yeye aliyeamka kuzibua, nasi tukagawana tangawizi. Msaragambo ulibaki kwa mtu wa nyumba. Pembe ikikaribia kulia, mpishi wa loji alikuwa ananipigia simu kutoka kwenye kilima ambako mtandao unashika. Nilipanda na gari la mchana, nililala kwenye chumba kile kile, na asubuhi aliponiuliza ningependa kula nini nilimjibu kilichopo, tukacheka wote wawili. Kisha nilishuka kuzoa tope. Nilipendezwa na siku zile kuliko nilivyokubali kusema.

Na nilikuwa sinawi. Nilikuwa nashuka Same na matope yangu kwenye kucha, abiria wananitazama, kwa sababu nilijua nani yuko kwenye kiti cha plastiki uani. Hakuwa ananiuliza kazi ilikwendaje. Alikuwa ananyoosha mkono, nami nampa yangu, anakagua. Mkono wake ulikuwa umepona lakini haukunyooka vizuri, kwa hiyo kidevu alikuwa anakishika kwa ule wa kushoto.

Mwaka juzi tulimzika mlimani, pembeni ya baba, karibu na mfereji. Kaka zangu walikuja, wakalia sana, wakarudi kwao. Vuli ilipokaribia, simu ya mpishi ikaja kama kawaida. Nilisita. Kisha nikapanda, nikalala kwenye chumba chenye vitanda viwili, nikatandika vyote viwili asubuhi ingawa nililalia kimoja. Kwenye ndiva mzee wa maji hakuniuliza nimekuja kwa nani. Alinipa karai tu. Tulifanya kazi, tukala, tukarudisha kizibo, na watu wakaniambia pole na karibu kwa pumzi moja.

Nilifika Same jioni. Nilipitia mlango wa uani kwa mazoea, mikono mbele. Kiti kilikuwa pale, kimegeukia mlango alivyokuwa akikiweka. Nilisimama na ile mikono yangu kwa muda, sijui niipeleke wapi. Sikunawa. Nililala nayo hivyo hivyo, juu ya shuka nyeupe.

Asubuhi mteja wa kwanza aliingia saluni na, kama wateja wote, akatazama mikono yangu kabla ya kitu kingine. "Dada," akasema, "kucha zako zimekuwaje?"

"Nilikuwa nyumbani," nikamwambia, ndipo nikaenda kunawa.